Msitu wa Gathima Katika Jiko la Roseline

Ukiuliza pale mtaani kwetu Ziwani Amondi anafanya kazi gani, utapewa majibu mengi na karibu yote ni ya uongo. Wapo wanaosema anauza hewa. Wapo wanaosema ni askari wa msitu, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na bunduki wala rungu. Pasta wetu alimwombea Jumapili moja mbele ya kanisa zima kama dada yetu wa mazingira, akakwama kidogo, akaongeza "na mambo ya kompyuta", nasi tukaitikia amina haraka haraka kwa sababu ibada ilikuwa imerefuka.

Mimi najua anachofanya kwa sababu nilimkalia mpaka akanieleza. Siwezi kuishi mlango kwa mlango na mtu nisiyejua mkate wake unatoka wapi. Jina langu ni Mirriam, lakini huku wote wananiita Mama Wanja. Nashona nguo mtaa wa pili, Shauri Moyo, na cherehani yangu iko ubavuni mwa jiko la Roseline, mama yake Amondi, hivi kwamba kila gauni ninaloshona hutoka likinuka moshi, na wateja wangu wamenitukana mpaka wamechoka. Roseline huuza chapati, madondo, yaani maharagwe ya kuchemsha, na nyoyo, ile githeri ya kwao ya mahindi na maharagwe, kwa mafundi wa jua kali na wabeba mizigo wa soko la Gikomba. Asubuhi tunakwenda pamoja kwa miguu, jioni tunarudi pamoja kwa miguu, na njia nzima tunabishana.

Roseline hana kingine. Hana shamba, hana pensheni, na mume alishamzika. Ana mafiga, sufuria mbili kubwa zilizojaa masizi, na kuni za bei nafuu. Kwa moto huo alimsomesha Amondi toka darasa la kwanza mpaka chuo kikuu, alikosomea misitu. Siku kuni zikikosekana, Roseline hana kazi. Liweke hilo akilini, maana yote ninayosimulia yanazunguka hapo.

Sasa, kazi ya Amondi. Ana msitu ndani ya kompyuta. Si picha ya msitu. Ni msitu unaoota. Unauambia miti ina umri gani, udongo ukoje, mvua hunyesha lini na jua huwaka vipi. Unauambia matawi yalipogolewa mwaka gani, miti ilipunguzwa mwaka gani ili iliyobaki inenepe, na yote itakatwa lini. Kisha unauachilia. Mle ndani majani yanaanguka na kuoza, mizizi inashuka, miaka inapita huku wewe unakunywa chai. Mwishowe unakwambia kaboni iliyovutwa kutoka hewani imekaa wapi: kiasi hiki kwenye mashina, kiasi hiki kwenye mizizi, hiki udongoni, na hiki kimeondoka na mbao kwenda mjini. Wenyewe huuita modeli.

"Kwa hivyo ni mchezo," nilimwambia siku ile ya kwanza. "Kama ule wa Wanja wa kulima shamba kwa simu."

Alicheka, halafu akakasirika, na kwa Amondi hivyo viwili hukaa chumba kimoja. "Mama Wanja, shamba la Wanja likikauka hakuna mtu analia. Huu msitu uko. Unaitwa Gathima. Nimeuzunguka na gambuti, nimechimba udongo wake, nimepima miti mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nikikosea hapa, kuna watu watalipwa kwa kitu hakipo, ama wanyimwe kitu kipo."

Gathima ni msitu wa kupandwa, saipresi tupu, kule juu kwenye baridi. Wenyeji wa kule ndio hupanda miche, hupalilia na kupogoa. Kampuni ndogo anayofanyia kazi Amondi ilikuwa imewatafutia wanunuzi wa ng'ambo, wale wanaolipa ili miti iendelee kuficha hewa chafu mwilini mwake. Wanunuzi hawaji na kamba kupima. Wanaamini modeli, na modeli inamwamini Amondi. Nilipolielewa hilo niliacha kumtania, angalau siku za kazi.

Balaa ilianza Jumamosi moja mchana. Amondi alikuwa amekaa kwenye kreti pale kwa mamake, sahani ya chapati na madondo magotini, akila kwa vidole kama alivyokula tangu utotoni. Mutunga akafika na mkokoteni. Mutunga ndiye aliyekuwa akimletea Roseline kuni miaka yote, mtu wa Machakos mwenye mdomo usiofungwa kifungo. Akaanza kushusha mbao zilizojipinda, zina saruji kavu imeganda kama uji kwenye mwiko.

Nilimwona Amondi akiacha kutafuna.

"Mutunga," akasema, "hizi umetoa wapi?"

"Niaje pia wewe, Amo," Mutunga akamjibu. "Site, kwani wapi? Si ile kampuni inajenga maghorofa hapo ng'ambo ya Jogoo Road. Mimi huchukua kwao tu. Hizi ni mbao za shuta, zilikuwa zimeshikilia slabu. Slabu ikikauka wanang'oa, wanatumia tena kama mara mbili hivi, zikiharibika wananiita. Mathe anazipenda juu zinashika moto chap chap."

"Na hii rangi ya kijani hapa mwisho?"

"Aki Amo, mimi nauza kuni. Ya rangi uliza wenye rangi."

Lakini Amondi hakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Kiwanda cha kupasua mbao kilichoko langoni mwa msitu wa Gathima hupaka ncha za mbao zake rangi hiyo, ili zisichanganywe na za wengine zikifika sokoni. Alikuwa amesimama pale na gambuti zake akiwatazama wakipaka. Sasa mbao zenyewe zilikuwa zimerudi, ziko miguuni pa mamake, na Roseline alikuwa ameshaivunja moja kwa goti na kuitia chini ya sufuria.

"Nyathina, kula, inapoa," Roseline akamwambia. Nyathina ni mtoto wangu kwa Kijaluo, na hata kama mtoto ana mvi atabaki nyathina.

Amondi hakula. Akaniambia jioni, tukiwa bombani, kilichomzuia kula. Katika ile modeli kuna mahali pa kuandika mbao huishi muda gani baada ya mti kukatwa. Mbao ikiwa mlango au kitanda, kaboni yake imefungiwa ndani, haijarudi hewani. Ikichomwa, imerudi. Sasa wataalamu wa dunia wana kitabu chenye namba ya kutumia usipokuwa na yako: kwamba baada ya miaka thelathini na mitano, nusu ya mbao itakuwa bado ipo. Amondi aliichukua namba hiyo kama ilivyo, akaiandika, akaendelea.

"Huko walikopima wanajenga nyumba za mbao," akaniambia. "Sisi tunajenga za mawe. Mbao ya kwetu kazi yake ni kushikilia saruji, halafu inakuja kwa Mama. Mwaka haiishi, Mama Wanja. Hata mwaka!"

"Basi hukujua."

"Nilijua!" Akaligonga pipa la maji kwa kiganja mpaka majirani wakageuka. "Nimezing'oa misumari hizo mbao tangu nikiwa darasa la pili. Kila jioni, kabla ya homuwaki. Najua harufu yake, najua inavyolia ikiungua. Lakini nikikaa kwa kompyuta naandika ya kitabu. Haikunijia kabisa kwamba kuni za Mama ni miti."

Nilitamani kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Ni kosa ambalo mtu wa Karen, kule kwa matajiri, hawezi kulifanya, maana yeye hajui mbao zinaishia wapi na angeuliza. Sisi hatuulizi. Kuni kwetu ni kuni, zinakuja na Mutunga, kama vile mvua inavyokuja na mawingu. Hakuna anayeikodolea macho kuni na kuwaza ilikuwa mti wa nani.

Akarudia hesabu. Alipoiambia modeli kwamba sehemu kubwa ya mbao za Gathima huungua kabla ya mwaka kuisha, kaboni ya mjini ikaporomoka, na jumla ya msitu mzima ikashuka nayo. Bosi wake, Sydney, ni kijana wa Buruburu, mpole, anavaa shati lililopigwa pasi vizuri. Mimi mwenyewe nimemshonea. Hakumfukuza wala hakumwambia anyamaze. Alimwambia jambo la haki kabisa, nalo ndilo lililotuangamiza.

"Nakuamini," alimwambia. "Lakini huwezi kutoa namba ya kitabu ukaweka hadithi ya mathe wako. Lete ushahidi. Pima."

Basi Amondi akapima. Alikwenda kwenye yadi za mbao Gikomba, akaongea na wasimamizi wa majengo, akawafuata watu wa mikokoteni kama mpelelezi. Na mahali alipopima kwa makini kuliko pote ni jikoni kwa mamake. Akaleta mizani ya kuning'iniza, akaifunga kwenye nguzo ya kibanda changu bila kuniomba ruhusa. Kila mbao ya rangi ya kijani ilipita kwenye ndoano kabla ya kuingia motoni, na Roseline ndiye aliyekuwa akizipima Amondi akiwa kazini.

Heri ungemwona! Mwanamke aliyeacha shule darasa la nne, leo ni mtafiti. Alizuia wateja wasiguse. Alimfokea Mutunga kwa kutupa mbao kabla ya kupimwa. Alinisomea kilo kwa sauti, huku cherehani inanguruma, nami nikijifanya sisikii. "Sasa hata mimi natumika kwa ofisi," akaniambia. "Miaka yote nilikuwa nalipa hiyo shule sijui wanafundisha nini huko. Sasa naona. Wanafundisha kupima kuni."

Kabla ya kuanza, lakini, alikuwa amemwuliza bintiye swali moja, na nililisikia kwa masikio yangu. Alimwuliza akiwa ameshika mwiko, hajamtazama. "Hii kupima, haitaleta askari wa kanjo, hawa wa jiji? Haitagusa jiko yangu?"

"Mama, ni kurekebisha hesabu tu," Amondi akasema. "Namba ilikuwa mbaya, itakuwa nzuri. Hakuna mtu ataguza jiko yako. Naapa."

Siku ya kupigwa picha ya ripoti Roseline alifunga kile kitambaa chake cha buluu cha umoja wa akina mama wa kanisa. Nikamwuliza kama anaolewa tena. Akaniambia nishone kwa amani, wivu utanikondesha. Akasimama wima mbele ya moto, mbao mkononi, akatabasamu na pengo lake lote.

Ripoti ikaenda ng'ambo. Ikakubaliwa. Wanunuzi waliisifu, wakasema hawajawahi kuona namba za mjini zilizopimwa hivyo, na Sydney akanunua keki ofisini. Amondi alikuja na kipande ndani ya karatasi, tukala watatu pale kibandani, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Lakini namba ya kweli ilikuwa ndogo, na namba ndogo haikuwatosha watu wa Gathima waliokuwa wameshapanda miche wakisubiri malipo. Wanunuzi wakasema wana suluhisho. Kama kaboni inapotea kwa sababu mbao zinachomwa, basi zisichomwe. Kiwanda cha Gathima kiiuzie mbao zake kampuni ile ile ya ujenzi, kwa mkataba, na kila ubao uliochakaa usiende kwa wachuuzi wa kuni. Uchukuliwe na lori upelekwe kusagwa, ugeuzwe mbao za kugandisha kwa gundi, uishi miaka mingine ndani ya makabati ya watu. Ukiangalia kwa utulivu ni wazo zuri. Mimi siwezi kuliangalia kwa utulivu.

Amondi aliniambia asubuhi moja bombani, macho yamevimba. Alikuwa amebishana nao ofisini mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa amewaambia wapunguze malipo, waongeze miaka, wafanye lolote, ila waache mbao chakavu ziende kwa wachuuzi wa kuni kama zamani. Sydney alimsikiliza vizuri, kama kawaida yake, kisha akamwuliza awaambie nini wale wa Gathima, kwamba watoto wao wakose kwa ajili ya sufuria za madondo? Jibu lake nimelitafuta mpaka leo.

"Mwambie mamako," nikamwambia. "Leo. Kabla hajaambiwa na watu."

"Bado najaribu, Mama Wanja. Nikifaulu, hakutakuwa na kitu cha kumwambia."

Nilimwambia ana kichwa kigumu kama babake. Akachukua ndoo yake akaenda.

Mkutano ukafanyika kwenye ukumbi wa kanisa Shauri Moyo. Waliitwa mama wote wanaopika vyakula karibu na pale. Kila mmoja angepewa jiko la gesi la meko moja, bure, ili aachane na kuni. Roseline alikuja na kitambaa cha buluu, akakaa mstari wa mbele kabisa. Alikuwa ameshawaambia wote kwamba bintiye ndiye ataongea, na kwamba yeye mwenyewe yumo kwenye picha. Mimi nilikaa kando yake kwa sababu Kiingereza chake ni cha kukisia.

Sydney akafungua. Amondi akasimama pembeni, mikono imeshikana mbele, hatazami tulipo. Picha zikaanza kupita ukutani: msitu, ukungu, miche, mbao zenye ncha za kijani. Akina mama wakashangaa miti ilivyonyooka. Halafu Roseline akatokea, mkubwa kama mlango, anatabasamu, moto nyuma yake. Ukumbi mzima ukapiga makofi na vigelegele. Roseline akageuka nyuma, akawapungia mkono.

Chini ya picha palikuwa na maandishi.

"Wanasema nini juu yangu?" akaninong'oneza. "Soma."

Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha nikamwambia, kwa sababu asingeniacha na kwa sababu mimi si mtu wa kupaka watu mafuta. "Wanasema, mpishi wa Shauri Moyo akichoma kaboni ya msitu wa Gathima."

"Yaani mimi nachoma msitu?"

"Ndivyo wameandika."

"Nani ameandika?"

Hakukuwa na haja ya kumwambia, jina la Amondi lilikuwa pale kwenye kona ya picha kwa herufi ndogo, na jina la mtoto wake Roseline anaweza kulisoma kwa lugha yoyote. Akaendelea kukaa. Hakulia wala hakunung'unika. Alisikiliza yote, lori, kusaga, makabati, mkataba. Alipoitwa akaenda mbele, akapokea jiko lake la gesi, akashukuru. Amondi alikuwa ndiye anayeyagawa. Nilimwona akisema kitu, na mamake akaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia karani wa benki.

Njiani kurudi Ziwani hatukubishana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue yule mwanamke, na sitaki kamwe kuipita njia ile tena hivyo. Tulipofika mlangoni alisema tu, "Aliniambia haitaguza jiko." Akaingia.

Mbao za Mutunga zikakatika kama maji ya kanjo. Wiki ya kwanza alileta nusu mkokoteni, ya pili akaleta vipande vya kreti, kisha akaja mikono mitupu kuomba radhi. Lori lilikuwa likisimama kwenye geti la site na mlinzi hakuruhusu hata kipande. Mutunga mwenyewe sasa anabeba marobota ya mitumba. Wauza kuni wengine wa soko la Burma wana wateja wao wa zamani, na kwa mgeni bei hupanda kabla hujamaliza salamu. Gesi ilipika chai vizuri sana. Madondo ni mambo mengine. Yanataka moto wa asubuhi mpaka mchana, na mtungi mmoja uliisha kabla hatujazoea kuuwasha. Roseline akapunguza sufuria ikabaki moja. Akaongeza bei ya sahani, na wale vijana wa jua kali, ambao wanampenda kama mama yao, wakaanza kupita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanaongea na simu. Nilikasirika nao. Nilimkasirikia Sydney, nikawakasirikia watu wa Gathima nisiowajua, na Amondi nilimkasirikia kuliko wote, ingawa kila usiku nilisikia kupitia ukuta akitembea chumbani kwake hapati usingizi. Mama na binti walikuwa wakisalimiana kama wapangaji.

Halafu ikaja asubuhi moja ambapo Roseline alimwita Mutunga na mkokoteni pale nyumbani Ziwani. Wakatoa meza. Meza ya sebuleni, pana, miguu minne minene, aliyoitengeneza marehemu Odongo, mumewe, alipokuwa seremala wa reli. Nilidhani anataka kuwawekea wateja mahali pa kula, nikamsifu kwa akili hiyo. Tulipofika Shauri Moyo aliilaza ubavu, akavua leso, akachomoa shoka.

Alikuwa ameshaung'oa mguu mmoja Amondi alipotokea, anahema, nguo za ofisi, viatu vimejaa vumbi.

"Mama! Nimeongea na Sydney. Picha wataitoa. Na yale maandishi."

"Picha si mbaya," Roseline akasema, akipiga shoka. "Nilikuwa nimependeza."

Hapo ndipo Amondi alipoona kilicho chini ya shoka. "Mama, hiyo ni meza ya Baba!"

"Ni saipresi." Akasimama, akapangusa jasho kwa kiwiko, akamtazama bintiye usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano. "Babako alipasua, akapiga randa, akagonga. Umesomea hapo juu toka nasari. Na haijaoza. Hii ndiyo ile mbao ya kitabu yako, nyathina. Imekaa miaka yote hiyo, ingekaa ingine. Andika. Andika kwa kompyuta ilikuwa nzima, na leo Roseline ameichoma, ndio hesabu isiwe mbaya."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu kusikiliza. Alisema kama mtu anayemsaidia mtoto kazi yake ya shule. Mutunga akageuka akajifanya anafunga tairi la mkokoteni, nami nikakanyaga cherehani bila kitambaa chochote chini ya sindano.

Amondi alitaka kusema kitu. Nilijua alichotaka kusema, kwamba alisema kweli, kwamba namba ilikuwa mbaya kweli, kwamba wale wa Gathima nao ni watu. Badala yake alichuchumaa na sketi yake ya ofisi kando ya mafiga, akauchukua ule mguu wa meza, akausukuma ndani mwenyewe na kuanza kupuliza, kwa sababu madondo yalikuwa bado magumu na wateja walikuwa wameanza kufika.